Vyama vya siasa na pesa za tabianchi za kaunti: mwananchi wa wadi asukume wapi, na mwezi gani?

Mkazi_Kano

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa watu wanaozifahamu bajeti za kaunti na mambo ya mazingira, hasa Kisumu, Nakuru na huku magharibi kwa jumla.

Sisi wa nyanda za Kano tunajua kwamba mvua ikikaza kule Nandi na Kericho, Mto Nyando utafura na maji yatafika Kobura na Kabonyo Kanyagwal hata kama kwetu halijadondoka tone. Kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi zipo, sheria ya kaunti ipo, na orodha za miradi zimeandikwa: mitaro, kalvati, miti kwenye kingo za mto. Ila mradi ukihamishwa au ukikatwa nusu, jibu la mtaani ni lile lile: "hiyo ni siasa ya chama." Jibu hilo halinisaidii chochote.

Nataka kuelewa chama hasa kinaingilia wapi. Kwenye manifesto, kwenye bunge la kaunti, kwa gavana, au Nairobi? Je, kaunti ambayo chama kimoja ndicho kila kitu, kama kwetu na ODM, inatofautiana na Nakuru ambako tangu 2013 gavana ametoka TNA, kisha Jubilee, kisha UDA? Na mtu asiye na cheo katika chama chochote ashike karatasi gani, mwezi gani? Tafadhali msiniambie tuchague viongozi wazuri. Uchaguzi ni Agosti 2027 na mafuriko hayaungojei.

---

Karani_wa_Bajeti

Nianze na manifesto, maana ndiyo inayowapotezea watu muda. Manifesto haimfungi mtu kisheria. Inapata meno pale tu inapoingizwa kwenye mpango wa miaka mitano wa kaunti, yaani CIDP. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mpango. CIDP inayotumika sasa ni ya 2023 hadi 2027. Iliandaliwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, wakati timu ya gavana ikiwa ndiyo kwanza inaingia ofisini na wananchi wengi wamechoshwa na kampeni. Hapo ndipo chama kilichoshinda kiligeuza ahadi zake kuwa programu zenye malengo na makadirio ya pesa. Kwa hiyo ifungue hiyo CIDP, nenda sura ya maji na mazingira, uone kama mitaro ya Kano imetajwa kwa jina na mahali, au kuna maneno mapana tu kama "kuimarisha ustahimilivu wa jamii". Maneno mapana yakiachwa hivyo, mradi unaweza kupelekwa wadi yoyote na hakuna atakayekuwa amevunja mpango.

Kutoka kwenye CIDP, pesa hufuata kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao maofisa huuita ADP, hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, hufika kufikia 28 Februari, na wajumbe wana siku 14 za kuupitisha. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Bajeti inatakiwa kupitishwa kabla ya 30 Juni.

Wananchi wengi hujitokeza Mei na Juni, kwenye vikao vya bajeti. Wakati huo mambo mengi yameshaamuliwa. CFSP ndiyo huweka kikomo cha kila idara. Kikomo kikishapita, Kanuni ya 37 ya kanuni za fedha za kaunti za 2015 inasema bunge la kaunti haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1. Tuseme idara ya maji na mazingira imepewa kikomo cha shilingi milioni 400. Juni wajumbe wote wakikubaliana, wanaweza kuiongezea milioni 4 tu. Tena kifungu cha 131 cha sheria yenyewe kinataka nyongeza yoyote ifidiwe kwa kupunguza mahali pengine. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, anayekuahidi mnamo Juni kwamba "tutaongeza ya mafuriko" labda ana nia njema, ila kiasi anachoweza kuongeza ni hicho tu.

Sasa chama. Nguvu yake iko kwenye kamati na kwenye ratiba ya bunge. Viti vya kamati hugawanywa kulingana na idadi ya wajumbe wa kila chama, na kanuni za kudumu za mabunge ya kaunti hukiruhusu chama kilichompeleka mjumbe kwenye kamati kumwondoa kwa kumwandikia spika barua. Kiranja wa chama ndiye mshika kalamu hiyo. Mjumbe wa kamati ya mazingira akikaza msimamo kwamba pesa za tabianchi zisiguswe, anaweza kujikuta kwenye kamati isiyohusika na bajeti kabisa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hakuna kumbukumbu itakayosema alitolewa kwa sababu ya mtaro wa Kobura. Kiongozi wa walio wengi naye ana usemi mkubwa juu ya hoja gani ije lini. Ripoti ya kamati ikiwekwa mezani siku ya mwisho ya zile siku 14, mjadala unakuwa wa kupiga muhuri tu.

Kuna jambo moja watu hawalioni. Kifungu cha 177 cha Katiba kinaweka wajumbe wa orodha ya chama: viti vya usawa wa jinsia na vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo vijana na watu wenye ulemavu. Ni kweli mjumbe wa aina hii amepata kiti kwa hisani ya chama, na chama hulijua hilo. Lakini hana wadi ya kulinda. Hoja inayovuka mipaka ya wadi, kama bonde zima la mto, humkaa yeye vizuri kuliko MCA anayehesabu kura za wadi yake. Ningekuwa naandika memoranda ya Kano, nakala ya kwanza ingeenda kwa wajumbe wa orodha waliomo kwenye kamati ya mazingira na ile ya bajeti.

Kuhusu chama kimoja: pale ODM au chama chochote kinaposhika karibu viti vyote, upinzani haupotei, unahamia ndani ya chama. Ushindani wa kweli unakuwa mchujo wa chama wa kuteua wagombea. Mjumbe haogopi chama kingine, anaogopa mwenzake wa chama kile kile na wale wenye kauli ya mwisho kuhusu tiketi. Ukitaka ahadi iliyoandikwa na kutiwa sahihi kuhusu mgao wa tabianchi, ipate kabla ya mchujo, si baada yake. Nakuru hali ni tofauti kidogo. Uongozi ukibadilika chama, miradi iliyoanzwa na waliotangulia hukosa mwenyewe, hata ikiwa ndani ya CIDP. Kule dai kubwa la mwananchi linatakiwa kuwa kumalizwa kwa miradi, kwa hiyo aangalie kama bajeti mpya ina fungu la madeni na miradi inayoendelea.

Mwisho kwa leo: bajeti ya ziada. Hapa ndipo mradi uliopita hatua zote hupotea. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaruhusu bajeti ya ziada kwa kikomo cha asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa, isipokuwa bunge likubali zaidi kwa sababu maalumu. Huletwa katikati ya mwaka wa fedha, husomwa haraka, na umma huwa haupo. Sherehekea mradi wako Julai, lakini Januari uulize kama kuna bajeti ya ziada na kama fungu lako bado limo.

---

Mhandisi_Mitaro

Karani amenena vizuri, ila kwa upande wa kazi yenyewe naona dhara kubwa zaidi la siasa si mradi kukatwa. Ni kugawana sawa kwa sawa.

Piga hesabu ya mfano. Sheria nyingi za kaunti zimetenga kwa tabianchi asilimia kati ya 1 na 2 ya bajeti ya maendeleo. Chukua asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo ya bilioni 3: ni milioni 45. Kisumu ina wadi 35. Kiranja anataka wajumbe wote wapige kura pamoja, kwa hiyo kila wadi inapewa chake: takriban milioni 1.29. Nakuru yenye wadi 55, hata bajeti ikiwa bilioni 4, kila wadi inapata kama milioni 1.09. Kwa pesa hizo unapata kipande cha mtaro, au kalvati moja mbili, na bango lenye picha. Hakuna wadi iliyookolewa. Mgao wa aina hii unaituliza kamati ya chama lakini maji hauyatulizi.

Mafuriko ya Kano ni ya bonde zima. Mtaro unaochimbwa Kobura na kuishia mpakani mwa wadi, bila mdomo wa kutolea maji hadi mtoni, kwenye kinamasi au ziwani, unabeba maji na kuyamwaga kwa jirani. Ziwa nalo likiwa juu, kama lilivyokuwa 2020 na 2024, maji hurudi nyuma kupitia mtaro huo huo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mradi wowote wa mitaro ni hili: mdomo uko wapi, na usawa wake ukoje ukilinganishwa na ziwa? Kama mchoro haujibu hilo, usiupigie debe hata ukiwa wa wadi yako.

Swali la pili ni mteremko. Kano ni tambarare, mteremko wa mita 1 kwa kila kilomita ni wa kawaida kwa mtaro wa huko. Kiasi hicho jicho halikioni. Mkandarasi akichimba bila mpimaji mwenye kifaa cha usawa, utapata madimbwi katikati ya mtaro, na wiki mbili baadaye matete na mbu. BQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, iwe na mstari wa upimaji, na iseme vipimo vichukuliwe kila mita 20 au 25.

Tatu, ukubwa wa kalvati. Bomba la milimita 900 lina eneo la kupitisha maji mara 2.25 ya lile la 600. Wanasiasa hupenda 600 kwa sababu pesa zile zile zinatoa kalvati nyingi za kuzindua. Kwenye udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, na tope linaloletwa kutoka juu, bomba la 600 likijaa nusu limebaki na njia ndogo sana, na gogo moja au gunia la plastiki linalifunga. Barabara inageuka bwawa, kisha inakatika. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji kuziba, na yalipopasua watu wengi walikufa. Kule ukubwa ni mwingine kabisa, lakini sababu ni hiyo hiyo: njia ya maji ikiziba, tuta linafanya kazi ya bwawa ambayo halikujengewa. Vilevile udongo huu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo kalvati isiyochimbuliwa na kuwekewa tabaka la kokoto au zege chini hupinda kwenye maungio ndani ya misimu michache. Kuta za mwanzo na mwisho zisiachwe "zitajengwa awamu ya pili".

Udongo uliochimbwa pia. Mtaro wa upana wa mita 1 chini, mita 2 juu na kina cha mita 1 unatoa mita za ujazo 1.5 kwa kila mita moja, yaani 1,500 kwa kilomita. Ukirundikwa pande zote mbili bila mianya, unakuwa ukuta: maji ya mashambani hayaingii mtaroni na mpunga unaoza. Andikeni kwenye maombi yenu kwamba udongo usambazwe, au mianya iachwe kila baada ya mita 50 hivi.

Na kuzoa tope. Inatakiwa ifanyike mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya mvua fupi. Hiyo ni pesa ya matumizi ya kawaida, na mfuko wa tabianchi huwa wa miradi ya maendeleo. Hakuna chama kinachozindua kuzoa tope. Kwa hiyo haimo popote, na mtaro wa mamilioni unakufa mwaka wa pili. Hili naliona baya kuliko wizi, maana wizi angalau hutafutwa.

---

Njoro_Juu

Naomba kuongeza la huku Nakuru, kwa sababu tope analosema Mhandisi lina mahali linapotoka. Kano linatoka vilima vya Nandi na Kericho na mabonde yaliyochimbika kama Katuk Odeyo. Kwetu linatoka msitu wa Mau Mashariki, linashuka na mito ya Njoro, Makalia na Nderit hadi Ziwa Nakuru.

Ukitaka kuona chama kikitengeneza hali ya hewa ya mahali, soma historia ya Mau. Mwaka 2001 serikali ya KANU ilitoa takriban hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye msitu wa serikali, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Mwaka 2009 serikali ya mseto ilipotaka kuwaondoa watu msituni, wabunge wengi wa ODM wa Bonde la Ufa waligeukana na kiongozi wao wa chama, Raila Odinga, aliyekuwa waziri mkuu, na kufikia 2013 wengi wao walikuwa upande mwingine. Somo ambalo vyama vililipata pale ni kwamba msitu unagharimu kura, na tangu hapo kauli kuhusu misitu hutolewa kwa kuangalia ramani ya kura. Februari 2018 ukataji miti ulipigwa marufuku. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza akiwa hapa Molo kwamba marufuku imeondolewa. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Katikati ya hayo yote, serikali ya kaunti haikuwa na kauli ya mwisho.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, na wagombea huutumia mkanganyiko huo. Mipaka ya msitu wa umma haibadilishwi na MCA wala gavana. Ni suala la Bunge la Taifa chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti utekelezaji wa sera za taifa kuhusu maliasili, uhifadhi wa udongo na maji, mifereji ya maji ya mvua mijini, na kukabili majanga. Uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa ni wa taifa. Ndiyo maana bwawa la Soin-Koru, mpakani mwa Kisumu na Kericho, halijengwi na kaunti. Mgombea wa wadi anayeahidi bwawa au hati za msitu anaahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake. Muulizeni kuhusu matuta ya fanya juu kwenye miteremko, kuhusu vitalu vya miche, kuhusu mashamba yaliyoingia kingo za mto. Hayo yako kwake.

Kuhusu miti, kuna lengo la taifa la miti bilioni 15 ifikapo 2032, lililotangazwa Desemba 2022. Likishuka wadini linageuka mashindano ya kuhesabu miche iliyogawiwa. Kwenye mpango wa wadi badilisheni kipimo. Kisiandikwe "miche 10,000 itagawiwa", kiandikwe "miche iliyo hai baada ya miezi 12", na kuwe na pesa za kupalilia na kuzuia mifugo msimu wa kiangazi. Kipimo hiki hakipendwi na wenye kuandaa hafla. Ila ndicho pekee kinachoshikilia udongo.

Na jambo la vyama tena: ramani ya Nyando ni ramani ya siasa. Juu, Nandi na Kericho, UDA. Chini, Kisumu, ODM. Mto Nzoia vilevile, unaanzia Elgon na Cherangany, unapita kaunti kadhaa za vyama tofauti, unafurika Budalang'i. Gavana wa juu hapati kura hata moja kwa kuzuia tope lisifike kwa gavana wa chini. Makubaliano ya UDA na ODM ya Machi 2025 ni ya Nairobi. Hayajengi fanya juu Tinderet, kule Nandi. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja, na jumuiya ya kaunti za kanda ya ziwa yenye kaunti 14 inazo Kisumu, Kericho na Nandi zote. Chombo kipo. Kinachokosekana ni mstari wa bajeti wa pamoja, wenye kiasi kile kile ndani ya CFSP tatu, Februari moja.

---

Mkazi_Kano

Asanteni sana, hili la asilimia 1 sikuwahi kulisikia. Karani, Mhandisi, ningependa msaada kwenye mambo mawili zaidi. Kamati za wadi: mtaani husemwa zimejaa maajenti wa chama. Kuna namna ya kuzuia hilo, au kuligundua? Na pesa za FLLoCA, ile programu ya kufadhili miradi ya tabianchi mashinani, hizo nazo zinapita kwa vyama?

---

Katibu_Kikao_Busia

Naijibu ya kamati. Muundo wake uko ndani ya sheria au kanuni za mfuko za kaunti yako, kwa hiyo anza kwa kupata nakala na kuangalia nafasi za wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na vikundi. Chama huingilia siku ya kuchagua. Tangazo linatolewa jioni, baraza linafanyika asubuhi, na waliokuja ni wale waliopigiwa simu. Daini tangazo la angalau wiki moja, libandikwe kwa chifu, sokoni, kanisani na msikitini. Uchaguzi ufanyike kijiji kwa kijiji au lokesheni kwa lokesheni, si kwenye mkutano mmoja wa wadi nzima ambako mwenye lori la kubebea watu ndiye mshindi. Majina ya waliochaguliwa yasomwe na kuandikwa pale pale kabla watu hawajatawanyika.

Lakini niseme wazi: kamati safi yenye karatasi mbovu hushindwa na kamati ya chama yenye karatasi nzuri. Miradi mingi hutupwa kwa sababu halali. Jina "Mtaro wa Kobura" pekee linaweza kuwa mtaro wowote. Andikeni mahali unapoanzia na unapoishia kwa vipimo vya GPS, simu yoyote ya kawaida ya intaneti inatoa; urefu kwa mita; ukubwa; wanufaika ni kaya za vijiji gani; na ambatanisheni idhini ya kila mwenye shamba ambalo mtaro utapitia, yenye sahihi, nambari ya kiwanja na shahidi. Idhini ya ardhi ndiyo huua miradi mingi, kuliko chama. Mtu mmoja akigoma katikati, mkandarasi anasimama, mwaka wa fedha unaisha, pesa zinapelekwa kwingine, na lawama inaangukia siasa.

Hifadhini pia karatasi ya alama: kila mradi ulipata ngapi, kwa vigezo gani, nani walikuwepo. Picha yake iwe kwenye simu za watu watano wasiotoka nyumba moja. Mradi wa nafasi ya kwanza ukirukwa na wa nafasi ya saba ukajengwa, karatasi hiyo ndiyo malalamiko yenu. Bila hiyo ni maneno tu.

---

Karani_wa_Bajeti

Kuhusu FLLoCA. Ni programu ya serikali ya taifa na kaunti, inayofadhiliwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na kaunti hupimwa kwa masharti: sheria na mfuko wa tabianchi, kitengo chenye watumishi, mpango kazi, kamati za wadi, na kaunti kuchangia pesa zake yenyewe. Kwa hiyo vyama havina uhuru mwingi wa kuifuta. Masharti yamebana, na hilo ni jambo jema. Vinaichelewesha. Pesa hizi hufika kaunti kupitia sheria ya mgao wa ziada ambayo lazima ipite Seneti na Bunge la Taifa. Mwaka wa fedha wa 2024/25 mabunge hayo mawili yalivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa ukarabati wa barabara, mswada ukakwama, na fedha nyingine zilizokuwa ndani ya mswada huo huo zikakwama nao. Mtaro wa wadi ukachelewa kwa ugomvi wa barabara. Ndiyo maana mchango wa kaunti yenyewe, kile kiasi kilichomo kwenye CFSP, ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Hicho hakisubiri Nairobi ikubaliane.

Angalia pia gharama za uendeshaji. Kanuni ya 197 ya kanuni za fedha za kaunti za 2015 inaweka kikomo cha asilimia 3 ya bajeti ya mfuko kwa gharama za usimamizi. Semina na posho zikizidi hapo, una hoja ya kisheria, si ya kisiasa.

Na naungana na Mhandisi kuhusu kugawana sawa, ila kugawana huko hakuondoki kirahisi kwa hotuba. Kinachowezekana ni wadi za bonde moja kuungana: wadi tano za Nyando ziombe mtaro mmoja wenye mdomo mmoja, mwaka huu pesa zao zote tano ziingie hapo, na wajumbe watano watie sahihi kwamba mwaka ujao zamu ni ya mradi mwingine wa pamoja. Kiranja hatapinga, kwa sababu hesabu yake ya "kila wadi imepata" haijavunjika. Waraka wa namna hiyo upelekwe kwa afisa mkuu wa mazingira kufikia Novemba, idara inapoandaa maombi yake, na nakala kwa kamati ya bajeti Januari.

Karatasi ya kwanza kabisa ya kuomba: chini ya kifungu cha 19 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, waziri wa kaunti aliyepewa jukumu hili lazima apeleke ripoti ya utekelezaji kwa bunge la kaunti kila mwisho wa mwaka wa fedha. Iombe hiyo, pamoja na orodha ya miradi ya mfuko kwa wadi, kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria imesema hivyo. Haihitaji sababu wala ada ya maombi, gharama ni ya kurudufisha tu. Wana siku 21 za kujibu na wanaweza kuongeza 14 mara moja. Wakinyamaza, peleka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Bila muhuri huo hutaweza kuthibitisha siku 21 zilianza lini, kwa hiyo usitume kwa mtu. Ipeleke mwenyewe masjala na usubiri nakala yako.